Loku Si Dawa ya Kona

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika spana. Bruda aliyekuwa mkuu wa karakana ya misheni, Mzungu mrefu mwenye kofia ya majani, aliniita penye pikapu iliyoinuliwa nyuma kwa jeki, magurudumu yote mawili yakining'inia, gia imeingizwa. Akaniambia, "Zungusha hilo la kushoto." Nikalizungusha kwenda mbele. La kulia likaenda nyuma. Nikaruka.

"Umeona shetani?" akauliza.

"Hapana, Bruda."

"Basi zungusha tena. Zungusha mpaka uache kushangaa."

Nilizungusha asubuhi nzima, na sikuacha kushangaa. Niseme ukweli, mpaka leo nashangaa. Ndani ya lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo sisi mafundi tunaliita difu, kuna vigia vidogo vinavyoyaruhusu magurudumu mawili yatofautiane bila kugombana. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima likimbie zaidi. Difu ndiyo inayolipatia gurudumu ruhusa hiyo. Aliyebuni kitu hiki alikuwa na akili za ajabu, na sijui kwa nini watu wanaimba sifa za injini tu.

Bruda alinifundisha kufungua na kufunga, kuosha kila kipande kwa dizeli, na kukipanga mezani kwa namna kilivyotoka. Alikuwa mkali. Ukiweka nati chini kwenye vumbi, ataiokota, ataifuta kwa shati lako, kisha atakushukuru kwa kumwazima. Nilimpenda sana yule mzee.

Kutoka misheni nilichukuliwa kambi ya ujenzi wa barabara, upande wa Tunduru. Ninyi mnaopita leo kwenye lami huku mkichezea simu hamwezi kujua barabara ile ilikuwaje masika. Lilikuwa tope jekundu linalovua mtu viatu. Na hapo ndipo difu ya kawaida inapoonyesha udhaifu wake, maana ule ukarimu wake unageuka ujinga. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, nguvu yote inapotelea huko, linazunguka bure na kurusha tope, wakati mwenzake aliyesimama pagumu amekaa tu kama mgeni wa harusi.

Dawa yake ilikuwa loku. Malori yetu yalikuwa na kifaa cha kuifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, yatake yasitake. Dereva akivuta loku, lori linatoka shimoni, na abiria waliokuwa wamekata tamaa wanapiga vigelegele. Foremani wetu, Mmatengo wa Mbinga mwenye sauti ya kusikika kijiji cha pili, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi akinitaja jina.

"Komba! Loku ni ya tope! Ukifika pakavu ifungue, la sivyo itakufungua wewe!"

Maana yake ni kwamba kwenye ardhi ngumu, magurudumu yaliyofungwa pamoja hayawezi kukata kona kwa amani. Moja litaburuzwa. Matairi yatalika, ekseli itakatika, au gari litakataa kukunja na kwenda linakotaka. Foremani aliwahi kutembea kwa miguu nyuma ya lori kilomita nzima, akinionyesha kwenye changarawe alama ya tairi linaloburuzwa na alama ya tairi linaloviringika. Bosi gani leo anakufundisha hivyo? Wa leo atakutumia video.

Lakini neno lenyewe, loku, lilitutoka mikononi. Madereva walilipeleka sokoni, wanawake wakalipeleka nyumbani, na miaka ilivyopita likawa neno la sifa. Mkwe mchapakazi alisemwa kuwa ana loku. Mwanafunzi aliyefaulu, ana loku. Katika kusini hii yetu, watu waliolala njiani na mahindi yao wakisubiri mvua ipungue waliamini kabisa kwamba chombo chenye loku hakina ajali. Lami ikaja, tope likaondoka, imani ikabaki.

Baadaye nilihudumu kwenye gereji ya mabasi, chini ya Meneja aliyekuwa Haji, mtu wa swala tano na mafuta safi. Halafu nikafungua gereji yangu hapa Songea, mtaa wa Mfaranyaki, mabati manne na shimo moja la kushukia. Nilidhani nitamalizia hapo na pikapu za wakulima wa tumbaku. Kumbe kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa bado njiani.

Ilikuja ikinguruma. Gari la Kijapani la milango miwili, limelala chini, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, la buluu. Akashuka mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio. Ni Hadija, dalali wa vito, mzaliwa wa Tunduru, anayekaa hapa Songea.

"Shikamoo, Mzee Komba."

"Marahaba, mwanangu. Hili ni gari au kiatu?"

Alicheka, lakini hakucheka sana. Alinieleza kwamba gari alilinunua Dar es Salaam kwa vijana wanaopenda mashindano. Alilipenda kama watu wanavyopenda farasi. Siku moja alikuwa anampeleka mama yake Mbinga, mvua ya rasharasha, kwenye kona akagusa mafuta kidogo tu, matako ya gari yakamtangulia. Lilizunguka likasimama likitazama Songea. Hakuna aliyeumia. Ila mama yake, Bi Somoe, alishuka, akakaa kwenye jiwe na tasbihi yake, akaapa hataingia tena humo.

"Sasa mdogo wake yuko Mbinga, ni mgonjwa wa kitandani," Hadija akasema. "Kila siku anamuulizia mama. Mama hawezi kupanda basi, miguu inavimba. Teksi anasema ni zilezile. Mimi ameniambia niendeshe peke yangu nikamsalimie kwa niaba yake. Mzee, hawa ni ndugu wawili waliobaki. Niwekee loku. Kila mtu ananiambia limeteleza kwa sababu halina loku."

Nililiinua nyuma kwa jeki. Nikazungusha gurudumu la kushoto kwenda mbele. La kulia nalo likaenda mbele, palepale, kama limetumwa.

"Si ndiyo vizuri hivyo?" Hadija akauliza. "Yanakwenda pamoja."

"Mwanangu, gari hili lina loku kuliko lori la mbao."

Nilipoishusha difu na kuifungua, tukaona wote wawili. Vile vigia vidogo vilikuwa vimechomelewa, vimegeuzwa donge moja. Vijana wa mashindano hufanya hivyo makusudi, maana wao wanataka gari liteleze, ndio mchezo wenyewe. Kwenye uwanja wao ni sawa. Kwenye kona za Mbinga, mvua ikinyesha na mama yupo ndani, ni kumtega mtu. Dawa aliyokuja kuiomba ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Hadija aligusa lile donge kwa kidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo nirudishe ya kawaida?"

Ningeweza kusema ndiyo na kazi ingeisha. Lakini difu ya kawaida kwenye gari jepesi lenye nguvu ina adha yake. Kwenye kona gurudumu la ndani linapungukiwa uzito, linazunguka bure, na nguvu inakatika ghafla kisha inarudi ghafla. Na mimi nilishaona jinsi anavyolitazama lile gari. Nikamwambia kuna njia ya kati, difu isiyofunga wala kuachia ovyo, bali inabana kiasi. Gurudumu moja likianza kukimbia bure, yenyewe inalizuia na kumpa nguvu mwenzake, bila dereva kuvuta kitu.

Zipo za aina nyingi, nikamweleza huku tukinywa chai. Ipo yenye sahani za klachi ndani. Hiyo inabana kwa nguvu, na wapenda mwendo wanaisifu, lakini inataka mafuta yake maalumu, sahani zinalika, na ukikunja taratibu sokoni inagugumia mpaka watu wanageuka. Nyingine za aina hiyohiyo, ukiondoa tu mguu kwenye mafuta katikati ya kona, bado imebana, na hapo dereva wa kawaida anaweza kushtuka. Ipo inayotegemea mafuta mazito kama gundi. Ni laini, lakini ikizeeka inalegea kama mimi. Halafu ipo ya gia tupu, meno yaliyokatwa mshazari yanayojibana yenyewe nguvu ikizidi upande mmoja. Haipigi kelele, haina sahani za kulika. Aibu yake ni moja tu: gurudumu likining'inia hewani kabisa, haina la kufanya.

"Machimboni huendi nalo?" nikamuuliza.

"Machimboni naenda na bodaboda. Hili ni la lami."

"Basi chukua ya gia."

Akaagiza Dar es Salaam kwa muuza vipuri. Ilipofika, niliipangusa, nikaizungusha, nikaisikiliza. Safi. Nikasema tufunge. Hadija akasema, "Subiri kidogo, Mzee." Akatoa mkobani kile kioo kidogo cha kukuzia wanachotumia kutazamia vito, akakibana jichoni, akaigeuza ile difu juani polepole, namna anavyogeuza yakuti. Alikaa nayo muda. Mafundi wa jirani wakaanza kucheka chinichini.

"Hapa pana unywele," akasema.

Nilidhani anasema unywele wa mtu. Akanipa kioo. Kwenye kasha, karibu na tundu la bolti, palikuwa na ufa mwembamba ambao jicho langu lisingeuona hata lingekuwa la ujana. Kasha lile lingepasuka barabarani.

"Wapi umejifunza kutazama chuma?"

"Sijajifunza chuma. Jiwe likiwa na unywele, ukilipasha moto linapasuka. Nikadhani labda chuma nacho kina tabia hiyo."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, na wachache nimewavulia kofia. Siku ile nilimvulia Hadija. Difu ilirudishwa, ikaja nyingine, naye akaipitia jino kwa jino. Tulibadili pia matairi ya nyuma yote mawili, maana moja lilikuwa limelika kuliko lingine, na difu ya namna hii ukiipa matairi yasiyolingana inahangaika safari nzima. Nikapaka rangi kwenye meno ya gia kubwa ili nione yanapogusana, nikarekebisha, nikapaka tena, mpaka alama ikakaa katikati ya jino. Kazi hiyo haitaki haraka. Mwishoni nikanawa, nikaenda na Hadija kwa mama yake.

Bi Somoe, Myao wa Tunduru, alikuwa barazani, mikono imechakaa kwa korosho za miaka yote. Aliposikia mimi ni Mngoni, macho yalimcheka.

"Ahaa, mtani! Babu zako waliwakimbiza babu zangu porini. Leo umekuja kunimalizia kwa gari?"

"Babu zangu walikimbia kwa miguu, bibi. Wangekuwa na difu nzuri, usingezaliwa."

Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Kisha mkono wake ukaanza kuipapasa tasbihi. Alikuwa anaogopa sana. Kwa Mngoni na Myao utani ni mlango. Mtu anaweza kukuambia ndani yake neno ambalo kwa kawaida angelimeza.

"Mtani," akasema taratibu, "nikifa njiani, mdogo wangu ataambiwa nimekufa nikimfuata. Mgonjwa haambiwi hivyo."

Nikamwambia, "Nitapanda na wewe. Nitakaa nyuma."

"Kile kiti cha nyuma ni cha mbuzi."

"Basi leo Mngoni ni mbuzi wako."

Akasimama. "Bismillahi. Twende kabla sijabadili mawazo."

Nilijikunja nyuma, magoti mdomoni. Anga lilikuwa zito, na tulipoziacha nyumba za mwisho mvua ikaanza. Bi Somoe alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kusoma dua kwa sauti. Kona ya kwanza, nikasikiliza. Ya pili. Hadija hakukimbia wala hakuogopa. Aliingia taratibu, akaongeza mafuta kidogo akitoka, na nyuma chini ya kiti changu nilihisi lile gurudumu la ndani likianza kukata tamaa na difu ikilishika, kama mtu anavyomshika mwenzake kiwiko kwenye utelezi. Gari likanyooka. Mimi, mzee mzima, machozi yalinilengalenga, na sikutaka mtu ayaone.

Vijana huniuliza fundi anajuaje kwamba amestahili kupumzika. Wengine wanasubiri cheti, wengine sherehe yenye keki. Bruda wangu alikuwa fundi mkubwa kuliko mimi, na Foremani pia. Nilichowazidi ni bahati ya kukaa kwenye kiti cha nyuma cha kazi yangu mwenyewe. Nilizikabidhi funguo za gereji wiki ileile, nikapumzika.

Maana katika safari ile, tulipozikaribia zile kona zinazopanda kwa kujipinda, penye jiwe alilokaa Bi Somoe na tasbihi yake gari lilipozunguka, niliona dua imekwisha. Nikadhani amezidiwa na hofu. Nikainama mbele kati ya viti kumtazama. Mikono ilikuwa imeuachia mpini, kichwa kimelala dirishani, mdomo wazi kidogo. Bi Somoe alikuwa anakoroma.

Hadija aliniangalia kwenye kioo. Tukamfikisha kwa mdogo wake, na ilibidi tumwamshe.