Mpira Haukabwi Koo

Nakumbuka Jumamosi moja, enzi za Mwingereza, nikiwa darasa la nne katika shule ya misheni huku kwetu Itiryo. Mwanangu, usicheke: mimi bibi yako nilirusha besiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Mmarekani mmoja wa misheni alikuja na mpira mdogo mgumu, ngozi nyeupe na mshono wa uzi mwekundu, akawa anawafundisha wavulana kuushika. Sisi wasichana tulipewa majembe tupalilie bustani kando ya uwanja. Mimi nilitazama zaidi vidole vya yule Mzungu kuliko magugu.

Vidole viwili ukivilaza kukata mshono, mpira unakwenda moja kwa moja, kasi. Cha kati kikifuata mshono, nawe ukapindua kiganja unapouachia, unakata kona njiani. Ukiuzamisha ndani ya kiganja na kuurusha kwa nguvu zilezile, unakuja taratibu, unamdanganya anayengoja kupiga. Yote hayo niliyafanyia mazoezi kwa mawe, nikifukuza nyani kwenye shamba la wimbi, yaani ulezi, la bibi yangu. Na nilirusha kwa mkono wa kushoto. Ndivyo Mungu alivyoniumba, na sijamwomba mtu radhi.

Basi Jumamosi hiyo Mzungu alikuwa amesafiri kwenda Musoma. Nikatua jembe, nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba na sisi tunataka kucheza. Akacheka.

"Haya, Bhoke. Mrushie Chacha mara tatu. Akiukosa mara mbili, wasichana mtacheza kila Jumamosi. La sivyo, nisisikie tena habari hii."

Chacha ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa shule. Wenzangu wote wakaacha kupalilia.

Wa kwanza nikaurusha wa kasi, Chacha akapiga upepo. Hapo wavulana wakaanza kuzomea: "Anarusha kwa mkono wa chooni!" Damu ikanichemka. Nikaukaba ule mpira mpaka kucha zikaniuma. Ukatoka mkononi kama mgonjwa, Chacha akaupiga hadi ng'ambo ya ua.

Bibi yangu alikuwa anapita njiani na mzigo wa kuni kichwani. Hata hakuutua.

"We Bhoke! Unamkaba nani koo? Nyani unawapiga hivyo? Hasira iweke begani, vidole vilegee! Na mbona unamwonyesha mwenzako ulivyoshika? Ficha!"

Aibu ilinishika, lakini nilimsikia. Mpira uliporudishwa nikauficha kwenye mikunjo ya gauni, nikauzamisha kiganjani, kisha nikarusha kwa ghadhabu yangu yote. Chacha akazungusha gongo mpira ungali njiani, akajizungusha na yeye, akakaa chini pwaa! Wasichana wakapiga vigelegele.

Unajua mwalimu alisemaje? "Mkono wa kushoto hauhesabiwi." Loo! Mtu mzima, mbele ya watoto! Akanyoosha mkono nimrudishie mpira wake. Nikauokota, nikampa kwa kushoto vilevile, na wewe unajua kwetu kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni tusi gani. Nilichapwa viboko vinne. Sikulia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki ile tulishona mpira wetu, matambara ndani, ngozi ya mbuzi nje, na Jumamosi tukacheza kwenye njia ya ng'ombe, nje tu ya ua wa shule. Mwalimu alikuja na fimbo yake, akasimama kwenye mpaka wake, akatutazama mpaka akachoka. Husemwa mwenye nguvu mpishe, mimi sikumpisha.

Kwa hiyo, mwanangu, shika sana ninalokuambia. Huko uendako watakuudhi makusudi ili ukaze vidole, na ukivikaza umeshindwa. Kasirika, ndiyo, lakini hasira ifanye kazi begani. Usimwonyeshe mtu mshiko wako kabla ya kurusha. Na wakikataa kuuhesabu mkono wako, usiubadilishe. Wewe endelea kurusha.

Mungu akupe bega lisilochoka na vidole vyepesi, na mkono aliokupa Yeye, asitokee mtu wa kuufunga. Nenda, mjukuu wangu.