Asumini Zilizovimbiwa

Kwa nini mtu akiona mmea wake unaugua, mkono wake hukimbilia kuongeza, si kupunguza? Nimefanya kazi ya kilimo tangu nilipotoka chuo kikuu hadi nilipostaafu, na swali hili bado sijalipatia jibu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya themanini, nilipelekwa Marereni, ambako vibarua wa chumvi walipanda nyanya na mchicha katika madebe nyuma ya vyumba vyao. Afisa wa Kilimo wa Tarafa, mzee wa bara mwenye sauti nzito, alinipokea kwa kunionyesha debe la nyanya zenye majani ya manjano.

"Haya, msomi, inaumwa nini?"

"Njaa ya nitrojeni, mzee."

"Njaa hiyo umeiona wapi?"

"Kwenye majani."

"Basi hujaona kitu. Usinitajie dawa kabla hujaitazama mizizi."

Chini yake nilijifunza kusoma rangi. Majani ya chini, yaliyozeeka, yakigeuka manjano kwanza, mara nyingi mmea una njaa kweli: unahamisha nitrojeni, chakula kinachotia ukijani, kuipeleka kwenye majani machanga. Yakiwa machanga ndiyo ya manjano na mishipa imebaki kijani, mmea haupati madini ya chuma. Lakini ncha na kingo zikikauka na kuwa za kahawia, kama zilizopitishwa motoni, na udongo ukaota ukoko mweupe, mmea umevimbiwa. Mbolea nayo ni chumvi; ikizidi huzuia maji kuingia mizizini, na mmea hufa kwa kiu hali udongo umelowa. Shambani mvua huisafisha. Ndani ya kopo haina pa kwenda.

Vijana wanaonitembelea siku hizi wana vipimo vya kupimia chumvi ya udongo, nami nafurahi kwa niaba yao. Hata hivyo kipimo hakiwezi kumshawishi mtu aache. Sehemu hiyo ya kazi ndiyo iliyonitaabisha zaidi, na nilianza kuijua nilipohamishiwa Malindi mjini.

Mkuu wangu mpya, Afisa wa Wilaya, hakupenda habari za vyungu. "Serikali haikukusomesha kwa ajili ya maua ya uani," aliniambia. Nilikwenda hata hivyo, baada ya saa za kazi, kwa kuwa mjane mmoja wa mji wa kale, Bi Zuhura, alikuwa ameniita. Alilea asumini katika makopo ya samli, za kufungia vikuba, yaani vishada vya maua ambavyo bintiye angevaa siku ya harusi yake. Katika ukoo wao asumini ya bibi harusi hutoka uani kwao. Kuinunua sokoni ni kumtoa binti kama asiye na kwao. Ramadhani ilikaribia, na harusi ilikuwa mfungo mosi, mwezi unaoifuata. Kingo za majani zilikuwa zimeungua zote.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nimezipa kila kitu, wallahi."

Dada yake mkubwa, Mwana Esha, alinitazama kutoka mkekani. "Serikali imetuletea bwana shamba mwenye rinda! Haya, bwana, tutie nini tena?"

Niling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imelegea, inanuka samaki. Nikauliza nani anazilisha. Bi Zuhura alitia samadi ya mbuzi. Mwana Esha alimwaga maji ya kuoshea samaki kila alipokuja. Shangazi wa binti alileta mbolea ya dukani, jirani akaleta majivu. Kwao mtu haiendei asumini ya bibi harusi bila kitu, na anachokitia hakitangazi, asionekane anajivuna. Kwa hiyo kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Hazina njaa," nikasema. "Msitie chochote tena. Tuzikate, tuzioshe mizizi kwa maji ya mfereji, tutoboe makopo, tuzipande upya katika udongo mtupu."

"Na vitumba?" akauliza Mwana Esha.

"Na vitumba. Mizizi iliyobaki haiwezi kuvibeba."

"Ukate maua ya harusi, kisha uende zako kwenu Tezo, sisi tubaki na vijiti?"

"Zikiachwa hivi, Bi Mkubwa, hata vijiti hamtakuwa navyo."

"Unaapa zitachanua?"

Nilikuwa na hofu, lakini sikutaka kumdanganya. "Siapi. Asumini ikikatwa huchipua, na kitumba huja juu ya chipukizi. Zikipona mapema, zitawahi. Zikiachwa, najua haziwahi."

Bi Zuhura alilitazama pazia la chumba cha bintiye. Mwisho akasema, "Tutazikata kesho. Na wewe dada, usije na ndoo."

"Nije mikono mitupu? Kwenye asumini ya mwanangu?"

"Mitupu. Nitawaambia na wengine."

Asubuhi nilikuta Bi Zuhura ameshajaza mapipa maji ya mfereji na ametoboa makopo kwa msumari. Mwana Esha aliingia akiwa ameificha mikono ndani ya buibui, kama mgeni aliyesahau zawadi. Bi Zuhura akampa mkasi. Akaupokea, akachuchumaa mbele ya kopo la kwanza, akalivuta tawi lililojaa vitumba kuliko mengine yote, akasema "Bismillahi," akalikata.