Kadi Haisomi

Ugonjwa wangu niliujua kwa kwenda kutoa damu. Dada yangu aliletwa mjini kutoka Matombo kufanyiwa upasuaji wa uvimbe, na kama ilivyo kawaida, ndugu tukaambiwa tukatoe damu. Nilikwenda kifua mbele. Mimi ni mwalimu, pombe sijawahi kuonja, sigara sijui hata inashikwaje. Wiki chache baadaye nikapigiwa simu kwamba damu yangu haikufaa, nirudi hospitali.

Daktari alinieleza taratibu. Ilikuwa homa ya ini, aina ya C. Kipimo cha kwanza kilionyesha kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini, na kilihitajika kipimo kikubwa zaidi kujua kama bado vimo. Vikiwemo, kuna vidonge vya wiki kumi na mbili, na wengi hupona kabisa. Akaniuliza kama niliwahi kuongezewa damu au kuchanjwa chale. Nikakumbuka bibi yetu kule mlimani, alivyotupanga mstari wajukuu wote siku moja na kutuchanja kwa wembe mmoja, mimi nikiwa wa mwisho. Alikuwa anatukinga na maradhi, Mungu amrehemu. Daktari alisema huenda ni hapo, huenda si hapo. Dada, aliyekuwa mbele yangu kwenye ule mstari, alipimwa, akawa mzima.

Sikuogopa sana. Ugonjwa unapona, na bima ninayo. Kila mwezi karatasi yangu ya mshahara ilikuwa na mstari wa makato ya bima, na sikuwahi kuunung'unikia.

Dirishani pale hospitali, dada wa mapokezi aliingiza namba yangu mara tatu. "Kadi haisomi, mwalimu," akasema. Nikadhani mtandao. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe: michango ya mwajiri wangu haikuwa imefika kwa mwaka mzima. Kwa taslimu, kipimo kile na vidonge vyake vilikuwa mbali mno na mshahara wa shule binafsi ya Mafiga. Nilirudi nyumbani na ini langu vilevile nilivyokuja nalo.

Hapo ndipo nilipojifunza maana ya kuzungushwa. Mhasibu alinituma kwa katibu, katibu akasema mfumo unasumbua, mfumo ukasumbua miezi minne. Nyumbani nilikuwa nalala nikijipapasa ubavu, nikijiuliza kama ini linaoza huku mtu mzima mwenye akili zake ananiambia mfumo. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo, hata kwa aliyewahi kunitapeli kiwanja.

Siri nayo ilivuja. Katika shule yetu walimu hupeana zamu ya kupika chai ya saa nne. Siku moja nikakuta jina langu limefutwa kwenye orodha ukutani, na kikombe changu kimewekwa peke yake dirishani. Watu waliosoma vyuo, wanaofundisha sayansi, waliamini homa ya ini inaambukizwa kwa chai. Mmoja akaninong'oneza niache pombe. Ni mwalimu wa hesabu peke yake aliyechukua kikombe changu, akajimiminia chai, akanywa mbele yao. Nilimwomba akaijaribu kadi yake. Akaenda zahanati akisingizia kichwa, akarudi na kichwa kweli. Yake pia ilikuwa haisomi.

Nikaingia kwa mwenye shule bila miadi. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu nililelewa, halafu nikamwambia kwamba pesa anayonikata isipofika Ijumaa, nitakwenda ofisi ya kazi na karatasi zangu zote za mshahara. Hakubisha. Alisema ya kwangu ataishughulikia, za wengine zitafuata, ila jambo hili liishie mle mle ofisini. Nikakubali. Nalisema wazi kwa kuwa linaniuma mpaka leo: nilikubali, na mwalimu wa hesabu nikamwambia avute subira.

Kadi ikasoma. Damu yangu ikapelekwa kupimwa, virusi vikakutwa, nikaanza vidonge. Wiki kumi na mbili nilimeza vidonge na kunyamaza. Kipimo cha mwisho kilikuja safi, na daktari akanipa mkono. Kadi za wenzangu zilikuwa bado hazisomi, na makato yao yakiendelea. Nilikuwa nikiwapita pale kwenye chai nikiangalia chini.

Ikafika siku ya wazazi. Mwenye shule alisimama na kipaza sauti, akasifu matokeo, akasifu basi jipya, kisha akasema shule yake inajali walimu. Kuna mwalimu mmoja alipata maradhi makubwa ya ini na shule ikamtibu mpaka akapona. Jina hakulitaja. Wazazi wakapiga makofi. Ningeweza kukaa kimya, hakuna mzazi aliyejua ni nani, na wengine wangewahamisha watoto wao kutoka darasani kwangu wakijua.

Miguu ilisimama kabla sijaamua.

"Mwalimu huyo ni mimi," nikasema. "Nilikuwa na homa ya ini, na haiambukizwi kwa kumfundisha mtoto. Shule haikunitibu. Nilitibiwa kwa makato ya mshahara wangu, baada ya shule kuyakalia mwaka mzima nami naumwa."

Mwenye shule akaniambia nikae. Nikawaonyesha wazazi safu ya walimu wenzangu waliovaa sare mpya kwa ajili yao.

"Hawa kumi na mmoja wanakatwa bima kila mwezi, na hakuna hata mmoja mwenye bima," nikasema. "Mimi nililijua hilo tangu kabla sijaanza dawa, nikanyamaza ili nipone."

Nikamgeukia mwalimu wa hesabu nimwombe radhi mbele ya watu. Alikuwa ameinamisha kichwa, hakuniangalia.