Kadi za Mifukoni

Kila asubuhi, kabla hajatundika koti hata moja, Tarsis Kimaro huingiza mkono mfukoni. Si mfuko wake. Anafungua belo la mitumba, anatoa koti la mtoto, anapitisha vidole mfuko wa kushoto, kisha wa kulia, kisha ule wa ndani ulio karibu na kifua, ndipo analining'iniza. Belo moja lina makoti zaidi ya mia na hakuna analoliruka. Angelina, anayeuza viatu meza ya pili, amemwona akifanya hivyo kwa miaka kumi na tatu na bado hajachoka kumchokoza.

"Mangi, leo umeokota euro ngapi?"

"Nimeokota pipi. Imelambwa nusu. Nikuwekee?"

"Mpelekee mkeo."

Meza zao ziko soko la Mchikichini, upande wa nyuma, mahali ambapo jua la saa nne tayari linachoma kichwa. Watu wanaopita hucheka kumkuta mtu wa Dar amezungukwa na makoti ya baridi, lakini wateja wa Tarsis hawatoki Dar. Wanatoka Makete, Njombe na Lushoto, wananunua kwa jumla na kuondoka.

Anachotafuta mifukoni si euro. Ni kadi ndogo za mchezo, zinazotosha kiganjani, zenye picha mbele na mgongo wa buluu. Watoto wa Ujerumani, Italia na Korea huzinunua kwa pakiti, huzibadilishana, huzisahau kwenye makoti, na makoti huwa madogo kwao, hufungwa kwenye belo na kuletwa kwetu. Kwa miaka saba Tarsis hakujua mchezo wenyewe unaitwaje. Alijua tu kwamba picha zile zilikuwa nzuri mno kutupwa. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga chumbani kwake Buguruni, kopo likajaa, akaanza la pili.

Siku moja alikwenda Mchafukoge kutoa fotokopi ya kitambulisho katika duka la vifaa vya shule la Mzee Ghanshyam. Akasikia kelele ghorofani, akapanda ngazi, akakuta vijana wamekaa wawili wawili mezani wakiwa na kadi zilezile. Walimweleza kuwa mchezo unaitwa Ngome: kila mchezaji ana fungu la kadi sitini, anavuta moja kila zamu yake, na anayeangusha ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Wiki iliyofuata alirudi na makopo mawili. Mzee Ghanshyam husimulia kwamba alipoyamwaga mezani, vijana walinyamaza kama wako msikitini, na yeye mwenyewe, ambaye ni Mhindu, alivua miwani.

Mimi niliingia katika hadithi hii mwaka huu tu, kwa sababu Mzee Ghanshyam alihitaji mtu wa kuandika matokeo ubaoni, mwenye mwandiko unaosomeka na asiye na maneno mengi. Nilifaa kwa yote mawili.

Msimu huanza Machi na kuisha Oktoba, Jumapili moja kila mwezi. Kila ushindi una pointi. Mwishoni, wawili wenye pointi nyingi hukutana, na mshindi hulipiwa tiketi ya ndege na chumba kwenda Johannesburg, kwenye fainali za bara. Nafasi ni moja tu kwa nchi nzima.

Jumapili ile ya Machi ndiyo niliyomwona Tarsis kwa mara ya kwanza. Alitoka misa ya kwanza moja kwa moja, shati limenyooshwa vizuri, akaketi kushindana kwa mara ya kwanza. Mwamuzi alikuwa Nayna, mkwe wa Mzee Ghanshyam, ambaye siku za kazi ni mfamasia na husoma kanuni za Ngome kama anavyosoma cheti cha dawa. Alipokagua fungu la Tarsis aligundua kwamba kadi nyingi zimeandikwa kwa lugha tatu za mbali.

"Kanuni inaruhusu lugha yoyote," alisema, "ila ni lazima mchezaji ajue maneno rasmi ya kila kadi. Hii inasemaje?"

Ilikuwa ya Kikorea. Tarsis aliitazama picha: mwanamke amebeba kisima kichwani. Akasema ile kadi inafanya nini, inagharimu nini, inashindwa na nini. Nayna akalinganisha na orodha rasmi kwenye simu yake. Akatoa ya Kijerumani. Kisha ya Kiitaliano. Kisha akaacha kuchagua, akawa anazifunua tu jinsi zilivyokuja, na Tarsis anajibu kwa sauti ileile ambayo mtu hutajia majina ya wadogo zake. Zilipofika ishirini Nayna aliweka simu chini.

"Umejifunza wapi Kikorea, Kaka Tarsis?"

"Sikijui. Nilitafuta kila picha kwenye orodha, moja moja, jioni nikifunga meza. Ilichukua miaka miwili."

"Kadi hizi zote?"

"Hizi na zilizo kwenye makopo. Elfu mbili na kitu."

Niliandika jina lake ubaoni. Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, nimekaa na watu waliokariri kwa ajili ya mtihani na kusahau wakiwa bado mlangoni. Huyu alikariri kwa sababu ya picha, bila mwalimu, na hakuna aliyemtungia mtihani mpaka asubuhi ile.

Alishinda Machi. Akashinda Aprili, akafungwa Mei, akashinda Juni mpaka Agosti mfululizo. Wachezaji wengine, karibu wote wadogo kwake kwa miaka kumi na tano, walianza kumsogelea kwa namna ya kumheshimu bila kutaka ionekane. Manan peke yake ndiye hakumsogelea. Anauza simu katika duka la baba yake Kariakoo, ana umri wa miaka ishirini na sita, ni mwepesi wa mkono na wa ulimi, na msimu uliopita alikuwa wa kwanza. Yeye na Tarsis ndio waliofika Oktoba.

"Kaka Tarsis, Joburg ni baridi," alimwambia wakati wa kuketi. "Una koti?"

"Ninayo mia mbili. Lakini yote ni ya watoto wa miaka sita. Wewe moja litakutosha."

Ukumbi ulicheka, na Manan naye akacheka, kwa sababu ni mfupi na anajua.

Nilikuwa nimesikia Mzee Ghanshyam akimuuliza Tarsis kwa nini anaitaka safari ile kiasi kile. Tarsis alifikiri, akajibu kwamba anataka kukaa mbele ya mtu asiyejua kwamba yeye ni muuza makoti, ambaye atamwona kama mchezaji tu tangu mwanzo.

Mshindi ni anayetwaa michezo miwili kati ya mitatu. Tarsis alitwaa wa kwanza kwa haraka iliyotuacha tumeshangaa. Kila alipohitaji kadi kubwa, ilikuja. Manan alikaa akilitazama fungu la mwenzake lililobaki mezani. Kisha akainua mkono.

"Mwamuzi. Naomba uangalie fungu lake kwa pembeni."

Nayna aliinama mpaka jicho likawa usawa wa meza. Alichukua muda mrefu. Akaomba zile kadi zote sitini, akazichanga, akazipanga, akasimamisha fungu, halafu akalikata huku amefumba macho. Ikatoka kadi ya Kikorea. Akachanga tena, akakata. Ya Kijerumani. Alifanya hivyo mara saba, na mara zote saba ilitoka kadi ya mfukoni.

Hata mimi niliyekuwa mbali ubaoni nilielewa. Fungu la Tarsis lilikuwa na kadi ishirini na mbili za mifukoni na thelathini na nane mpya alizozipata pale pale dukani. Zile za mifukoni zilikuwa zimekunja mgongo kidogo sana, kidogo kuliko unene wa uzi, na hata ndani ya vimfuko vyake vya plastiki ziliacha mwanya. Mwenye vidole vyepesi angeweza kujua kadi inayofuata ni ya aina gani.

"Umezifanya nini hizi?" Nayna aliuliza.

"Nimezipiga pasi."

"Umepiga pasi kadi?"

"Zilikuja zimekunjamana, dada. Nyingine zilifuliwa na koti. Mtumba wowote tunaunyoosha kabla ya kuuweka mezani. Niliziweka kati ya vitambaa viwili nikapitisha pasi ya mkaa iliyopoa kidogo."

"Na kwa bahati," alisema Manan, "zilizokunja mgongo ndizo zote zenye nguvu."

"Si bahati. Mtoto anatia mfukoni ile anayoipenda. Dhaifu anaziacha nyumbani."

Manan aliitazama tena kadi ya juu. Nadhani alikumbuka mifuko yake mwenyewe ya zamani.

Nayna alisoma kanuni kwa sauti. Kadi zisitofautishike kwa mgongo wala kwa ukingo. Ikiwa mwamuzi haoni nia ya kudanganya, mchezaji anapewa dakika ishirini kusahihisha; akishindwa, amefungwa mechi. Alisema haoni nia. Lakini alilisema akitazama karatasi, na baadhi ya watu ukumbini walikuwa wanatazamana. Kadi zile ishirini na mbili hazikuwa na mbadala Tanzania nzima. Safari ya Johannesburg ilikuwa imebakiwa na dakika ishirini, na jina la Tarsis pia.

Tarsis alikaa mikono ikiwa mapajani. Kisha akauliza, "Dada Nayna, kanuni inasema ziwe nyoofu, au inasema zifanane?"

Nayna alisoma tena. "Zifanane."

"Basi nina hizi thelathini na nane za kupiga pasi, nazo zipinde kama zile."

Alikwishasimama. Nayna akabeba fungu mwenyewe kwa sababu haliruhusiwi kuondoka mbele ya mwamuzi, Manan akafuata kama shahidi, na sisi wengine tukamiminika ngazini nyuma yao. Chini ya jengo, kibarazani, yupo Abdulkadiri, fundi cherehani, ambaye bado anatumia pasi ya mkaa kwa kuwa haina habari na umeme kukatika. Alituona tunateremka, akashika utepe wake wa kupimia shingoni.

"Nani amekufa?"

"Naomba pasi, fundi," alisema Tarsis. "Na vitambaa viwili vya pamba."

"Unanyoosha nini?"

"Kadi."

"Za harusi?"

"Za kucheza."

Abdulkadiri alimtazama Nayna, mke wa watu na mfamasia, akiwa amekumbatia kifurushi cha kadi. Akasogea pembeni.

Tarsis alimwaga nusu ya makaa. Akaisogeza pasi karibu na shavu, akangoja, akaisogeza tena. Akachomoa kadi kwenye vimfuko, akazipanga nne nne kati ya vitambaa, akapitisha mara moja, akageuza, akapitisha tena, akazilaza juu ya marumaru zipoe. Mkono wake haukuharakisha wala kusita. Nimeona watu wakifanya kazi kwa ustadi, lakini sijawahi kuona barabara ya Mchafukoge ikisimama kwa ajili ya pasi. Mwenye bajaji alizima injini. Mama wa ghorofa ya pili aliinama dirishani na kuuliza kuna nini.

Zilibaki tatu, zinazong'aa, alizozawadiwa kwa ushindi wa Juni, Julai na Agosti.

"Hizo usizipige," Manan alisema kwa sauti ya chini. Nilishangaa, maana ndiye aliyemshitaki. "Ukizipiga pasi haziuziki tena, Kaka Tarsis."

"Sikuzipata nikaziuze."

Akazipiga.

Juu ukumbini Nayna alichanga na kukata mara kumi. Zilitoka mpya sita na za mifukoni nne, bila mpangilio wowote. Akalisimamisha fungu, akaliinamia. Lote lilikuwa limekunja mgongo kwa pamoja, kama kundi la watu wanaosali. "Zinafanana," alisema. "Endeleeni."

Mchezo wa pili Tarsis alifungwa. Alifungwa vibaya, na nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Si mnaona?" Tarsis alikuwa anavuta kadi na kuitazama kwa muda, kama mgeni aliyegonga mlango asiyemtarajia.

Wa tatu ulichukua karibu saa nzima. Kadi kubwa hazikumjia. Zilimjia ndogo, za dukani, na kwa hizo alijenga ukuta baada ya ukuta, akimlazimisha Manan amalize silaha zake kwa vitu visivyo na maana. Zilipobaki kadi tisa katika fungu lake, ikaja ya Kikorea ya mwanamke na kisima, ambayo wote tulijua inaponya ngome. Tarsis hakuitumia kuponya. Alitumia mstari wake wa chini, ule ambao hakuna aliyewahi kuujali, unaomfanya mpinzani afunue kadi zote alizoshika. Manan alizifunua. Alizitazama pamoja na sisi, akaona mwenyewe kwamba hana njia, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nenda kaka. Chukua koti la mtu mzima."

Niliandika matokeo ubaoni, mbili kwa moja, nikayapigia mstari, nikarudia mstari kwa kuwa wa kwanza ulipinda. Watu walipokwisha kumpongeza na kushuka, Tarsis alibaki akizirudisha kadi kwenye vimfuko vyake. Msimu mzima sikuwa nimemwambia lolote zaidi ya shikamoo, naye hakunijibu zaidi ya marahaba. Nilisogea mpaka mezani kwake.

"Kaka Tarsis," nilisema, "kabla ya leo, ulikuwa unazihisi?"

Hakukasirika. Aliweka kadi aliyoshika juu ya nyingine.

"Nilikuwa nazihisi," alisema. "Nilidhani kila mtu anazihisi za kwake."