Nukta Mia Sita Kutoka Kushoto

Nahumu Mwalongo alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma pale Makambako kwa miaka kumi na tisa, mpaka shirika likabinafsishwa na mnunuzi akagundua kwamba barua zinaweza kutoandikwa kabisa. Aliondoka na stadi moja: kupanga maandishi kwa kuhesabu nafasi kutoka ukingo wa kushoto. Karatasi zote za ofisi zilikuwa na upana mmoja. Hilo hata mfumo wa vyama vingi haukuligusa.

Mwishoni mwa mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na mbili, alikuwa amejifunza kutengeneza kurasa za mtandao katika chumba cha intaneti cha Bashiru, karibu na stendi. Mama Kristina, msimamizi wa kituo cha yatima, akamwomba ukurasa wa kuwatafutia wafadhili watoto wanne waliofaulu darasa la saba. Ambaye angekosa mfadhili hadi mwisho wa Machi, nafasi yake ya kidato cha kwanza ingepewa mwingine.

Nahumu alipanga picha nne kwa safu moja. Yudita, mkubwa wao na aliyewazidi wote alama, alimweka mwisho kulia, upande wa heshima. Pembeni yake ikaja menyu, kisanduku cha maneno manne kilichoendeshwa na skripti, maagizo mafupi ya kompyuta aliyoyanakili mtandaoni. Skripti ilidai namba mbili tu: nukta ngapi za kioo kutoka kushoto, ngapi kutoka juu. Akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee Nahumu, unakata suruali?" Bashiru aliuliza.

"Kipimo ni kipimo, mwanangu."

"Haya. Usinikwaruzie kioo tu."

Nukta mia sita. Menyu ikatulia mahali pake.

Kufikia Februari watoto watatu walikwisha kupata wafadhili. Yudita hakuulizwa hata jina. Mama Kristina alisema Wazungu nao wana mambo yao, labda hawapendi wasichana wakubwa. Yudita alikuwa na miaka kumi na tano. Machi ikaisha, na Aprili shangazi yake Esnath akaja kumchukua wakalime pareto Ipelele.

Mei, Bashiru alileta kompyuta yenye kioo kipana. Nahumu akafungua ukurasa wake kuona unavyopendeza. Picha zilikuwa zimejipanga katikati ya kioo, yaani zimesogea kulia. Menyu ilibaki palepale alipoiamuru. Palepale sasa palikuwa uso wa Yudita. Neno "Changia" lilimkaa puani.

"Huko Ulaya wana vioo vya hivi?"

"Siku nyingi, mzee. Vile vyetu ni walivyovichoka."

Aliiambia skripti ipime kutoka kwenye picha, siyo kutoka ukingoni. Kazi ya dakika nne. Oktoba ikaja barua: mume na mke wa huko Ulaya walikuwa wameupenda uso wa binti wa kulia, na wangemsomesha mpaka mwisho.

Nahumu akaipeleka mwenyewe Ipelele. Esnath alimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba, ameshika viatu mkononi.

"Ile nafasi ya shule bado ipo?"

"Hapana, mama. Ilishapewa mtu."

"Sasa umetuletea nini?"

"Barua."

"Ahaa. Barua." Akaita, "Yudita! Umeandikiwa!"

Yudita alikuja, tumbo likimtangulia. Aliyemposa Mei alikuwa na ng'ombe wawili na haraka. Aliisoma barua yote, kisha akauliza kama wanataka ajibu kwa Kiingereza. Nahumu, ambaye njia nzima alikuwa akiandaa maneno ya kuomba radhi, alisema ndiyo.

Yudita aliandika sentensi nne, hazikuwa na kosa. Aliwashukuru, akaeleza kwamba ameolewa, akawaomba nafasi yake wampe Anania, mdogo wake, aliyekuwa darasa la sita.

Jibu lilifika Desemba. Walisikitika sana. Mpango wao ulikuwa wa wasichana.