Msaragambo wa Mtu Mmoja

Anayeshuka kwa mara ya kwanza kwenye hoteli ya Mzee Eliufoo, pale kando ya barabara kuu mjini Same, humwona Kaanaeli akitabasamu kabla hajamwona vizuri sura. Basi bado linatafuta pa kusimama, vumbi halijatua, naye ameshatabasamu, sinia mkononi, kama aliyemwona nduguye dirishani. Hamjui hata mmoja wao. Kazi ndiyo iliyomfundisha: abiria ana haraka, dereva anapiga honi, na mhudumu asiyependeza mapema hapati bakshishi.

Na bakshishi ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Mzee Eliufoo aliwapa wahudumu kiasi kisichofika hata nusu ya kima cha chini cha serikali, akasema kilichopungua watakipata kwa abiria. Zamani ilisaidia kidogo. Mtu alikula kuku wake, akarudishiwa chenji, akaacha sarafu mezani. Kisha watu wakaanza kulipa kwa simu. Siku hizi abiria anasimama kaunta, anabonyeza namba, pesa yote inaingia kwa Mzee, na mhudumu anaachiwa sahani ya mifupa.

"Twende tukamwambie aongeze," Kaanaeli aliwaambia wenzake jikoni.

"Tangulia wewe, Kaa," alisema Rogath, mhudumu mwenzake. "Ukitimuliwa, meza zako za dirishani nachukua mimi."

Wote walicheka, naye akacheka. Lakini alikwenda.

Mzee Eliufoo hakumfokea. Hakuwa mtu wa kufoka. "Mwanangu, nani alikuajiri hapa? Ninyi ni watoto wa nyumbani. Nawapa chakula na pa kulala, nanyi mnanishika mkono. Huu ni msaragambo."

Kwa neno hilo Kaanaeli alishika njia ya kutoka. Kule Vudee, milimani Upareni, alikozaliwa, pembe ya msaragambo ikilia, kila kaya hutoa mtu na jembe lake kwenda kuzibua mfereji wa wote, na kaya isiyotoka hunyooshewa kidole mpaka kwa wajukuu. Alishafika mlangoni alipogeuka.

"Lakini baba, msaragambo ni wa mfereji, ni wa shule. Wa hoteli ya mtu mmoja tuliuona wapi?"

Mzee alifungua redio yake.

Ndipo Kaanaeli akaenda kwa afisa kazi, kijana mgeni, asiye mtu wa Upareni. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema bakshishi ni zawadi ya mteja, haiwezi kugeuzwa mshahara na mwajiri. Akaahidi kuja kuwauliza wahudumu mmoja mmoja. Siku hiyo Kaanaeli alirudi kazini akiimba.

Asubuhi ya ujio wa afisa, Mzee aliwakusanya wahudumu. Hakuwatisha. Aliwakumbusha misiba ya kwao aliyoigharamia. Alimkumbusha mhudumu Beatha jinsi gari la Mzee lilivyomshusha mama yake mgonjwa kutoka mlimani, mvua ikinyesha na njia ikiteleza. Kisha akaomba, nao wakaitikia amina.

"Umeajiriwa hapa?" afisa alimuuliza Rogath.

"Hapana, nasaidia tu."

"Unalazimishwa?"

"Nani anilazimishe? Ni msaragambo, bosi!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kujitolea," Mzee alieleza kwa upole.

Ikafika zamu ya Beatha, aliyelala chumba kimoja na Kaanaeli na kugawana naye hata sabuni. Alitazama sakafu. "Ni msaragambo," alisema.

Ni Mpare gani angesimama mbele ya mgeni aseme amelazimishwa msaragambo? Kwao ni sawa na kuikana nyumbani. Kwa aibu hiyo, kila mmoja alijitoa kwa mdomo wake mwenyewe katika haki ya mshahara, na Kaanaeli akabaki peke yake.

"Wenzako wote wanasema hawajaajiriwa," afisa alimwambia, amechoka. "Nitapanga usuluhishi Jumatatu. Njoo na mtu mmoja tu wa kusema kama wewe. Ukikosa, sina la kufanya."

Jioni ileile Kaanaeli alihamishiwa nyuma, kwenye karo la vyombo, ambako hakuna abiria wala sarafu. Maji ya magadi yalimpasua vidole. Aliwaza kurudi Vudee, akakumbuka shamba walishagawiwa kaka zake. Hakulia. Alisugua masufuria tu, na aliposikia honi ya basi moyo haukumruka tena.

Jumamosi Beatha alimfuata karoni.

"Kaa, nilisema uongo."

"Ulilipa deni la mama yako."

"Basi, deni limekwisha. Jumatatu nakuja, nitasema tuliajiriwa."

Jumatatu Kaanaeli aliwahi kwenye benchi la nje ya ofisi. Mzee Eliufoo alifika amevaa koti la kanisani, Rogath nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Beatha anakuja."

Rogath aliangua kicheko. "Beatha? Nimemwacha anafunga aproni! Mabasi ya Dar yanakaribia."

Mzee hakucheka. Aliingia ndani, akachagua kiti.

Karani alichungulia. "Kaanaeli, mtu wako yuko wapi? Tunaanza sasa hivi."

"Anakuja. Nipe dakika kidogo, kaka yangu."

Karani aliguna, akauacha mlango wazi. Kule chini watu walikuwa wakivuka barabara kuu. Kaanaeli alisogea hadi kwenye geti, akaanza kuwatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine.