Mpaka Katikati ya Barabara Yetu

"Mbunge wangu anakaa mwendo wa saa tatu kwa gari, wako yuko mtaa wa pili, na mimi na wewe tunatazamana madirishani! Hiyo ni akili, Delbert?"

Lorna Pruszynski alifoka kwenye foleni ya samaki wa kukaanga wanaouzwa kanisani kila Ijumaa, karatasi za kukusanyia sahihi za ombi lake mkononi. Huyu ni mpishi mstaafu wa shule ya mji wetu, hapa Ohio. Alitaka mipaka ya majimbo ya uchaguzi ichorwe na raia, maana wanasiasa walituchana katikati ya barabara kama papai. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ombi, na ukurasa wake ulibakiza nafasi ya sahihi moja.

"Chama changu ndicho kilichochora," alisema Delbert, jirani yake. "Nijikate mguu?"

"Kilipochora changu ulilia miaka kumi. Leo umeshiba, kimya!"

Watu wakacheka. Mkewe Delbert akanyoosha mkono. "Lete, nimsainie yaishe."

"Thubutu! Kila mtu kwa mkono wake, mbele ya macho yangu. Maafisa wa uchaguzi wakigundua, wataitupa karatasi nzima."

"Haya, nasaini," Delbert akanung'unika. "Si ulinizolea theluji nilipoumwa mgongo?"

Lorna akaificha kalamu nyuma. "Theluji nimekusamehe. Sahihi ya kulipia deni siitaki."

Delbert akatazama samaki wake, kisha Lorna. "Basi nipe kalamu. Nimechoka kupiga kura ambayo mshindi wake namjua tangu asubuhi."

Lorna akampa.